Giga nane zisizokuwepo

“Hii ina giga nane za grafiki, mkubwa. Inabeba gemu lolote.”

Kijana wa dukani aliyasema hayo huku akiigeuza kompyuta mpakato juu ya kaunta ya kioo, ili mwanga wa taa ulipige vizuri jalada lake. Ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi, Kariakoo, Mtaa wa Aggrey. Mpwa wangu alinitazama kwa macho ya mtu aliyekwisha kununua. Mfukoni alikuwa na shilingi milioni moja na laki mbili, nusu akiba yake na nusu mchango wa dada yangu, ambaye alikuwa ameambiwa kuwa kompyuta hiyo ni ya masomo. Nami nilibebwa kama shahidi wa uongo huo.

Niliomba kuigusa. Nikabofya kulia kwenye kioo, nikaingia kwenye mipangilio ya skrini, nikafungua ukurasa wenye sifa za kadi ya grafiki. Hapo huwa kuna mistari minne ya namba. Wa kwanza ni jumla, nao ulisoma megabaiti elfu nane na kitu. Kijana akaugusa kwa kidole: “Si unaona?” Wa pili ndio wenye habari, na ndio ambao watu hawausomi. Unataja kumbukumbu ambayo ni mali ya kadi yenyewe. Palikuwa na 128. Megabaiti 128, yaani sehemu ya nane ya giga moja.

Zile nyingine zote zilikuwa za kuazima. Kompyuta ilikuwa na ramu ya giga 16, na Windows ina kawaida ya kuiruhusu kadi isiyo na kumbukumbu yake ikope hadi karibu nusu ya ramu. Nusu ya 16 ni nane. Kama ramu ingekuwa nane, kijana angetuambia giga nne, tena kwa moyo mweupe, maana siamini kuwa alikusudia kutudanganya. Aliyemwuzia ndiye aliyemwambia hivyo, naye alikuwa ameambiwa na mwingine. Uongo ukishapita maduka matatu unakuwa bei.

Kadi iliyokuwa mle ndani ni Intel UHD 620, ile inayokaa tumboni mwa prosesa za Intel za kizazi cha nane. Ni kadi ya heshima kwa barua, hesabu na filamu. Lakini mpwa wangu alikuwa ametaja gemu mbili tu tangu tunatoka nyumbani: EA Sports FC 24, ambalo wengi bado wanaliita FIFA, na GTA V. Kwa GTA V pengine angesukuma sukuma, picha zikiwa zimefifia kama zinatazamwa kupitia chandarua. Kwa FC 24 watengenezaji wenyewe wameandika kadi ya chini kabisa: GeForce GTX 1050 Ti yenye giga nne, au Radeon RX 570. UHD 620 haifiki hata mlangoni.

Tulishukuru, tukatoka.

Ndani ya kila kompyuta mpakato kuna chipu inayochora unachokiona kwenye kioo. Ukiandika barua, kazi yake ni ndogo, kwa sababu ukurasa hautembei. Ukicheza gemu la mpira inabidi ichore uwanja, majani, vivuli vya wachezaji ishirini na wawili na jezi zinazopepea, kisha ifute na kuchora upya mara thelathini au sitini kila sekunde. Kila mchoro mmoja huitwa fremu. Zikishuka chini ya thelathini, jicho linaanza kulalamika na kidole kinachelewa. Mtoto aliyekulia kwenye vibanda vya PlayStation vya uswahilini, akilipa kwa mechi, hahitaji kufundishwa jambo hilo. Analihisi kwenye pedi kabla hujamaliza kulieleza.

Kwenye kompyuta ya mezani kadi ni kitu cha kuchomoa na kuchomeka. Ukichoka nayo unaiuza, unanunua nyingine. Kwenye mpakato, karibu kila mara, imeunganishwa kwa risasi kwenye ubao mama. Zipo mashine kubwa za kazi nzito zenye kadi ya kuchomoka, lakini kumpata fundi wa kukubadilishia, na kadi yenyewe ya kununua, ni safari nyingine. Kwa hiyo ramu utaongeza, diski utabadilisha, betri utanunua, ila kadi ni ile uliyoondoka nayo dukani. Ndiyo maana naona watu wanakosea kuanza na prosesa. “Ni ai-seveni?” ndilo swali la kwanza la kila mteja Kariakoo, na wauzaji wamezoea kulijibu. Kwa gemu, ai-faivu yenye kadi nzuri inaizika ai-seveni yenye kadi ya kuazima.

Sasa majina. Kwa kadi za NVIDIA za michezo, GTX na RTX, tarakimu mbili za mwisho ni cheo na zinazotangulia ni kizazi. Hamsini ni askari wa kawaida, sitini ni sajini, sabini na themanini ni maofisa. Mtu akikuuzia 1650 kwa hoja kwamba ni mpya kuliko 1060, mwambie ni kweli ni mpya: moja ilitoka mwaka 2019 na nyingine 2016. Lakini cheo cha sitini kiliiwezesha 1060 yenye giga sita kumtangulia mdogo wake huyo kwenye magemu mengi. Kisha yapo majina ya kukuchanganya makusudi, au ndivyo ninavyoamini. RTX 2050 ya kompyuta mpakato ilitangazwa mwishoni mwa mwaka 2021, na jina linakufanya udhani ni ya kizazi cha 20. Kumbe chipu yake ni ya familia ya 30, ndugu wa tumbo moja na RTX 3050, isipokuwa njia yake ya kupitishia data kwenye kumbukumbu imebanwa ikawa nusu.

Kisa ninachokipenda ni cha MX150. Herufi MX utakutana nazo sana kwenye mashine nyembamba za ofisi zinazotufikia kwa mtumba. MX150 ilitoka mwaka 2017. Mwaka uliofuata wapimaji wa kompyuta waligundua kwamba zipo mbili zenye jina hilohilo. Moja inakula wati 25 na kasi yake ya msingi inapita megahezi 1,400. Nyingine imefungwa kwenye wati 10 na kasi yake haifiki 1,000. Kwenye boksi hakuna tofauti, na kwenye kibandiko hakuna tofauti. Ni kama kununua unga wa kilo moja na wa nusu kilo kwenye mifuko yenye maandishi yaleyale.

Ndipo nikajifunza kuuliza wati, na nawaomba wasomaji waulize wati kabla ya jambo lingine lolote isipokuwa kumbukumbu. RTX 3050 ya kompyuta mpakato mtengenezaji anaruhusiwa kuifunga popote kati ya wati 35 na 80. RTX 3060, kati ya 60 na 115. Anayetengeneza mashine nyembamba ya kubebwa kwenye mkoba ataipa wati chache ili isiungue. Anayetengeneza bati nene lenye feni mbili ataipa zote. Zamani zile dhaifu zilikuwa na alama kwenye jina, Max-Q, mtu akajua anachonunua. Mwaka 2021, kizazi cha 30 kilipoingia kwenye kompyuta mpakato, alama hiyo ikaondolewa majinani. Leo 3060 iliyobanwa inaweza kuonewa na kadi ya cheo cha chini iliyoachiwa kupumua.

Wati unaziona wapi? Kwenye kadi za RTX, fungua paneli ya NVIDIA, nenda kwenye taarifa za mfumo, utakuta mstari wa nguvu ya juu kabisa ya grafiki. Kwa za zamani, ipo programu ndogo ya bure iitwayo GPU-Z ambayo unaiweka kwenye flashi. Inakuonyesha chipu ni ipi hasa, kumbukumbu ni kiasi gani na ya aina gani, na kadi iliyoghushiwa jina huwa inaishika. Muuzaji asiyekuruhusu kuchomeka flashi kwenye mashine anayotaka ulipie laki kadhaa amekwisha kukujibu.

Duka la tatu au la nne, sikumbuki, tulikuta GTX 1050. Mpwa akafurahi kwa sababu jina lilifanana na lile la FC 24. Nilipochungulia, ilikuwa ya giga mbili. Hiyo 1050 ya kompyuta mpakato ilitoka mwanzoni mwa mwaka 2017 ikiwa na giga mbili au nne, na hizo giga mbili za pengo ndizo zinazotenganisha gemu linalokwenda na gemu linalokwama kila ukigeuza kamera. Kumbukumbu ya kadi ni kama meza ya mshonaji. Vitambaa vyote vikienea mezani, mkono unakwenda. Visipoenea, kila baada ya mishono miwili anainuka kwenda kabatini. Unaona gemu linasimama nusu sekunde, linaruka, linasimama tena. Kadi inaweza kuwa na kasi nzuri na bado ikakutesa hivyo.

Kuna pia suala la umri. Kadi zote za kizazi cha 10, zikiwemo 1050 na 1060 niliyoisifu hapo juu, zilipata programu endeshi yake ya mwisho ya magemu mapya Oktoba 2025. Kinachobaki ni marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2028. Magemu ya zamani yataendelea kucheza kama kawaida, hakuna atakayekuja kuyazima. Ila magemu mapya yatakuwa bahati nasibu. 1650 na zilizofuata bado zinahudumiwa. Hata hivyo yapo magemu ambayo 1650 haiyafungui kabisa, hata ukiipigia magoti: Indiana Jones and the Great Circle, lililotoka Desemba 2024, linadai kadi yenye vifaa vya kufuatisha miale ya mwanga, yaani RTX kwa upande wa NVIDIA. Aliye na ndoto za magemu ya namna hiyo asianze na milioni moja na laki mbili. Avute subira apate 3060, au RTX 4050, zote zenye giga sita.

Kwa bajeti ya mpwa wangu niliweka sakafu: giga nne za kadi yenyewe, na cheo kisichopungua GTX 1650. Hapo kukawa na tatizo. 1650 zilizokuwepo siku hiyo zilikuwa mbili. Moja bawaba zake zimelegea mpaka kioo kinalala chenyewe kama mzee baada ya chakula, na nyingine ilizidi bajeti kwa laki tatu na nusu. Mashine za gemu za mtumba ndivyo zilivyo. Zina taa nyekundu chini ya vibonye, zinagombaniwa, na aliyezitumia kabla yako hakuwa mtu wa kuzionea huruma.

Nikamwambia mpwa tuache kutafuta mashine ya gemu.

“Mjomba, sasa tumekuja kufanya nini?”

“Tutafute mashine ya mhandisi.”

Makampuni makubwa ya Ulaya na Marekani huwapa wahandisi na wachoraji ramani kompyuta nzito za kazi: HP ZBook, Dell Precision, ThinkPad za herufi P. Baada ya miaka mitatu au minne huziondoa kwa mafungu, nazo huingia kwenye biashara ya mtumba, nyingine zikafika mpaka kwetu. Ndani yake kuna kadi zenye jina la Quadro. Mcheza gemu halijui, muuzaji halijui, kwa hiyo mara nyingi halimo kwenye bei. Kumbe ukiifuata damu, Quadro P1000 ya kompyuta mpakato inatoka kwenye chipu ileile ya GTX 1050, na T1000 inatoka kwenye chipu ya GTX 1650. Zina kumbukumbu ya giga nne. Kasi yao ni pungufu kidogo kuliko ndugu zao, lakini zinacheza. Mwili ni wa bati gumu, vibonye vinadumu, na ukizigeuza unakuta parafujo za kufungulia kirahisi. Kasoro ni uzito. Nyingi hukaribia kilo mbili na nusu au kuzipita, na chaja yake peke yake ni tofali.

Tuliikuta T1000 kwenye ZBook 15 ya mwaka 2019, ghorofa ya pili ya jengo ambalo lifti yake haifanyi kazi. Muuzaji alikuwa mama wa makamo, hana maneno mengi. “Hiyo ni ya injinia, mwanangu, haina taa,” alimwambia mpwa wangu, kama anayemwomba radhi. Milioni moja na laki tatu. Nikachomeka flashi, naye akaagiza chai. GPU-Z ikasoma ilichopaswa kusoma. Tukaiacha ifanye kazi nzito kwa dakika ishirini, feni ikinguruma, joto la chipu likapanda na kusimama kwenye nyuzi 78. Ingevuka 85 ningejua kuwa ndani kuna vumbi la miaka mitano na gundi ya kupoozea imekauka, nikaomba punguzo la fundi. Msisahau kwamba vipimo vingi mnavyoviona mitandaoni vimepimwa kwenye vyumba vyenye nyuzi ishirini. Chumba cha mpwa wangu Mbagala mwezi wa pili hakijawahi kuiona ishirini.

Kitu kimoja kilibaki kunikera. Kila tulipoiwasha, maandishi yalitokea kwenye kioo kabla ya Windows kwamba chaja iliyochomekwa ina nguvu ndogo. Nikaigeuza chaja, nikasoma kibandiko: wati 65. Pini inaingia sawasawa, betri inajaa, taa inawaka, na mteja wa kawaida hataona tatizo. Lakini mashine ile inataka wati 150. Ikipewa 65 inajibana yenyewe ili isizimike, na kadi uliyoilipia inakwenda kwa mwendo wa kobe. Wapo watu waliouza kompyuta nzuri kwa hasara wakidhani imekufa, kumbe ilikuwa na njaa tu. Mama yule alishangaa kwa dhati, akamtuma kijana, na baada ya robo saa ikaja chaja halisi, nzito, imefungwa kwa raba. Bei ikashuka ikawa milioni moja na laki mbili na nusu. Hiyo hamsini nilitoa mimi, na sijaiona tena.

Wapo watakaosema tungeacha kadi ya kujitegemea tukachukua Ryzen mpya. Siwabishii sana. Radeon 680M, iliyokuja na Ryzen za mfululizo wa 6000 mwaka 2022, inakaa ndani ya prosesa na bado inakimbizana na kadi ndogo za kujitegemea za miaka michache nyuma. Zinafika kwa mtumba taratibu. Anayeipata asikubali ramu ya kipande kimoja, kwa sababu kadi ya kuazima inaishi kwa kasi ya ramu, na vipande viwili vinafungua njia mbili. Intel wenyewe walilipa hilo uzito hata kwenye jina: Iris Xe ikikosa njia mbili za ramu, Windows inaiandika UHD, basi. Kuna watu wana Iris Xe nyumbani na hawajui.

Jioni ile niliwatembelea. Mpwa alikuwa ameweka vizibo viwili vya soda chini ya miguu ya nyuma ya kompyuta ili feni ivute hewa, jambo ambalo sikumfundisha na ambalo ni bora kuliko vitako vya feni vinavyouzwa elfu thelathini. Gemu alikuwa amelipakua usiku kadhaa kabla, kwenye diski ya rafiki yake, kwa vile linataka nafasi ya giga 100 na bando la nyumbani lisingetosha. Vijana wanne kwenye kitanda kimoja, pedi mbili. Picha zilikuwa za wastani kwa sababu nilimshusha kutoka juu kwenda kati, naye akanuna mpaka alipoona mchezo unateleza. Dada yangu alipita mlangoni, akatazama kioo, akauliza hilo ndilo somo gani. Hakuna aliyemjibu.

Dakika ya 83, mpwa anaongoza moja bila, umeme ukakatika mtaa mzima.

Kioo hakikuzimika, kwa sababu betri ilikuwa nzima. Vijana wakashangilia. Lakini kompyuta mpakato ikiwa kwenye betri inakata wati za kadi, haina namna nyingine, na kwenye giza lile niliona kabisa wachezaji wakianza kutembea kama wamevaa gamboti. Mpinzani akatumia nafasi, akapiga krosi, beki wa mpwa wangu akachelewa kuruka, bao.

“Halihesabiwi hilo! Fremu zimeshuka!”

“Zimeshuka kwa wote wawili.”

“Mjomba, si umesikia? Si ulisema wati zikipungua...”

Nikasema mimi nilishamaliza kazi yangu Kariakoo. Walipoanza kutafuta tochi ya simu ili wapige kura, niliaga.